Ijaza ya Sumu

Watu wa Kibokoni, Mombasa, walimjua Abdulkadir bin Yeslam kwa mambo mawili: unadhifu wake na njaa yake ya ilimu. Kanzu yake haikuonekana na doa hata masika, matope yanapolamba vizingiti, na mtu akitema mate njiani yeye hugeuza uso kama aliyetukanwa. Alikuwa karani forodhani, lakini moyo wake haukuwa huko. Alisoma nahau na fiqhi kwa shekhe mmoja wa Mkanyageni mpaka shekhe akafariki. Kiingereza alikiokota kwa mabwana wa meli, akakisugua mwenyewe mpaka kikang'aa. Alipofika miaka thelathini alikuwa na mke, Hafswa, na binti mdogo, Nabiha, na bado alikuwa akitafuta mtu wa kumsomesha.

Mtu huyo alishuka melini mwaka wa 1909. Alikuwa kijana wa Kijerumani, mwembamba, mwenye ndevu chache, jina lake Tessmer. Masanduku yake yalipofunguliwa forodhani yalikutwa yamejaa chupa tupu na karatasi tupu, marundo kwa marundo. Makarani wakacheka. Walisema hawajapata kuona mtu aliyevuka bahari kuleta kitu kisicho na kitu. Abdulkadir hakucheka. Alimwuliza kwa adabu kazi ya karatasi zile.

"Za kukaushia mimea," alisema Tessmer. "Nasomea udaktari."

"Wa kutibu?"

"La. Udaktari wa mimea."

"Na mimea yaugua?"

Tessmer akatabasamu, akamweleza taratibu, pale pale penye joto na harufu ya nguru waliokaushwa. Kwao, alisema, mwanafunzi aliyemaliza darasa zote bado si mwanachuoni. Lazima aende atafute jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisema, aliandike kwa ushahidi, kisha alitetee mbele ya walimu wake. Wakiridhika, ndipo humpa udaktari. Mwalimu wake alikuwa na bustani iliyoezekwa vioo ili miti ya nchi za joto isife kwa baridi, na ndiye aliyemtuma pwani hii.

"Basi ni ijaza," alisema Abdulkadir. "Hata kwetu mwanafunzi hasomeshi mpaka shekhe wake ampe ijaza."

"Ni hiyo," alisema Tessmer. "Nami nahitaji mtu wa kunisaidia kuitafuta."

Wiki ile ile Abdulkadir aliacha kazi ya forodha. Mamake, Bi Ummulkheir, aliacha kupepeta mchele akamtazama.

"Mwanangu, umeiweka chini kalamu ya serikali ukachume majani kama mbuzi?"

"Ni ilimu, mamangu."

"Mbuzi naye ana ilimu yake," alisema Bi Ummulkheir, akaendelea kupepeta mchele.

Lakini miezi ya kwanza ilikuwa miezi ya furaha. Tessmer alipanga nyumba ya ghorofa katika mtaa wa Ndia Kuu, na kila alfajiri walitoka yeye na Abdulkadir. Walikwenda Tononoka, ambako wakati ule kulikuwa na vichaka na mashamba ya mihogo, au wakapanda troli wakasukumwa juu ya reli mpaka Kilindini, wakateremka kwenye mikoko. Waliporudi walilaza kila tawi katikati ya karatasi, wakalikandamiza kwa mbao na mawe. Tessmer alikuwa mwalimu mzuri. Hakuficha jambo, wala hakuchoka kuulizwa. Alimfundisha majina ya Kilatini, na namna ya kukata jani kwa wembe likawa jembamba hata nuru ipite.

Siku aliyomkalisha kwenye darubini yake ya kutazamia vitu vidogo, Abdulkadir alikaa hapo mpaka adhana ya adhuhuri. Aliona ngozi ya kitunguu ikiwa vyumba vidogo vilivyopangwa ukuta kwa ukuta, kama nyumba za Mji wa Kale zionekanavyo kutoka juu ya mnara. Aliporudi nyumbani alimweleza Hafswa jambo lile kabla hata ya kuketi.

"Kitunguu kile kile nikatacho mimi?" aliuliza Hafswa.

"Kile kile."

Hafswa alicheka, naye akafurahi kumwona mumewe amefurahi.

Masika yalipoingia, Tessmer alimwambia habari iliyomnyima usingizi. Mwalimu wake kule kwao alitaka mtu wa pwani mwenye ilimu. Huyo angewafundisha Kiswahili vijana wao, na yeye mwenyewe angesoma mimea kwa miaka mitatu. "Nimemweleza habari zako," alisema. "Nikimaliza kazi yangu vizuri, utaondoka pamoja nami. Baada ya miaka mitatu, nani ajuaye, huenda nawe ukaanza kutafuta udaktari wako."

Hakukuwa na mtu wa Kibokoni aliyepata kuahidiwa jambo kama hilo. Bi Ummulkheir alilia. Hafswa akaanza kushona kanzu nzito ya baridi.

Sasa ilibaki kazi yenyewe, yaani lile jambo ambalo Tessmer alitaka kulisema kabla ya watu wote. Halikuwa katika majani waliyokausha. Lilikuwa katika mti wa sumu ya mishale, ule ambao wawindaji wa bara ya Mombasa huchemsha magome yake mpaka yawe lami nyeusi. Ndovu akichomwa mshale wenye lami ile haendi mbali. Tessmer alitaka kujua sumu ile huushika moyo kwa njia gani. Alisema huenda ikawa dawa kwa watu ambao mioyo yao imechoka.

Wakaleta magome, wakayachemsha jikoni kwa siku nyingi. Mvuke wake ulikuwa mchungu hata ukizungumza unauonja ulimini. Lami iliganda kwenye masufuria, kwenye mwiko, kwenye kingo za dirisha. Abdulkadir alinawa kwa sabuni, akanawa kwa majivu, akanawa kwa ndimu, na bado akinusa vidole vyake aliikuta harufu ile ile.

Kisha walianza na vyura.

Tessmer alikuwa na chombo ambacho Abdulkadir hakuwahi kuona mfano wake: ngoma ndogo ya shaba iliyozungushwa na mashine ya saa. Kazi ya Abdulkadir ilikuwa kuivika ngoma ile karatasi nyeupe na kuipaka masizi ya taa mpaka iwe nyeusi tititi. Chura alipigiliwa kwenye ubao, kifua kikapasuliwa hali moyo ungali ukipiga. Bua jembamba likafungwa kwa uzi kwenye moyo, ncha yake ikagusa karatasi. Moyo ukipiga, bua hupanda na kushuka, na kwenye masizi hutokea mstari mweupe, kilima na bonde. Tessmer akidondosha tone la sumu, vilima hurefuka, kisha huvurugika, kisha mstari hunyooka. Moyo ulikoma ukiwa umekunjamana kama ngumi.

Mara ya kwanza Abdulkadir alikimbilia dirishani akatapika uani. Tessmer alimletea maji, akamgonga mgongoni kwa upole.

"Hata mimi nilitapika," alisema. "Hupita."

Na kweli kichefuchefu kilipita, na hilo ndilo lililomtia Abdulkadir kinyaa zaidi baadaye alipolikumbuka. Baada ya muda alikuwa akipaka masizi huku akiimba qasida chini kwa chini.

Vyura hawakutosha. Mwalimu wa kule kwao angeuliza: na mnyama mwenye damu ya moto? Abdulkadir alipoambiwa atafute paka alikataa. Alisema paka si najisi, ni kiumbe anayezunguka baina ya watu nyumbani, na yeye hawezi kumshika kwa jambo hilo. Tessmer hakumlazimisha. Alimwambia bawabu wake, Jaffar, naye Jaffar akawa anawaleta ndani ya gunia, asubuhi, kama mtu anayetoka sokoni.

Nyumba ikaanza kunuka. Kulikuwa na harufu ya spiriti, ya lami, ya damu iliyoingia kwenye nyufa za sakafu, na juu ya yote harufu ya mkojo wa hofu. Mvua ilikuwa haikatiki, mizoga haikuchomeka vizuri, na nzi wakajaa hata wakatambaa kwenye midomo ya chupa za wino. Tessmer alikula chakula chake kwenye meza ile ile, upande wa pili, akiweka kitambaa safi. Siku moja aligundua kuwa sanduku moja la mimea limeingia ukungu, matawi ya miezi mitatu yameoza karatasini. Alikaa kitako sakafuni akalia kama aliyefiwa. Nyuma yake, juu ya ubao, paka aliyekuwa bado hajafa alikuwa akichezesha ncha ya mkia. Abdulkadir alimtazama huyu, akamtazama yule.

Mtaani maneno yalikuwa yameshaanza. Paka wa Ndia Kuu wanapotea, watu walisema, na Mzungu yule ni mumiani. Leo anaanza na paka, kesho atataka damu ya watu. Abdulkadir aliwabeza. Aliwaambia barazani kuwa ule ni ujinga, kwamba hakuna mumiani duniani, na kwamba kazi ya Bwana Tessmer ni ya ilimu na huenda siku moja ikawafaa wao wenyewe. Walimsikiliza kwa heshima ya babake, kisha wakanyamaza mpaka aondoke.

Jirani wa pili wa Abdulkadir alikuwa mjane, Bi Mwanaesha, aliyekaanga mahamri na kuyauza kibarazani kwake asubuhi. Alikuwa na paka mweupe aliyekatika sikio, ambaye alilala miguuni pake kazi ilipokuwa ikiendelea. Asubuhi moja Jaffar alifungua gunia, na aliyetoka alikuwa paka yule. Abdulkadir alimtambua mara moja. Alikuwa na karatasi mkononi, nusu imeshapakwa masizi. Angeweza kusema neno moja tu na paka angekwenda zake. Alifikiri juu ya meli, juu ya bustani iliyoezekwa vioo, juu ya miaka mitatu. Akaimaliza ile nusu ya karatasi iliyobaki.

Siku ile alipofika nyumbani, Hafswa alisimama mlangoni na hakumpisha.

"Baba Nabiha, waja na harufu gani hii?"

"Ya kazi."

"Kila siku wasema ya kazi. Nimekuchemshia maji ya kuoga, nimekufukizia udi, nimezitia kanzu zako maji ya waridi. Haitoki. Mtoto hataki kukukalia pajani, waona? Asema babake anuka kama shimo."

Abdulkadir alitazama ndani. Nabiha alikuwa nyuma ya nguzo, ameshika pua kwa vidole viwili, kwa uzito wote wa watoto wasiojua kuwa wanaumiza.

"Yamebaki machache," alisema.

"Basi hayo machache kayamalizie ukumbini," alisema Hafswa, akamtandikia huko. Tangu siku ile alikula peke yake, katika sahani yake, na Hafswa aliipokea sahani ile kwa ncha za vidole.

Mwisho wa masika Tessmer alisema amebakiwa na jambo moja. Alijua sasa sumu inavyoushika moyo wa chura na wa paka. Lakini walimu wake wangeuliza juu ya mwanadamu. Alihitaji mtu ambaye moyo wake umechoka hata miguu imevimba maji. "Akipewa kiasi kidogo," alisema, "miguu yake itapungua. Utakuwa umemsaidia."

Abdulkadir alilishika lile neno la kusaidia kwa mikono miwili. Alikwenda Bondeni, kwenye vyumba walimopanga wafanyakazi wa reli na bandari, akauliza. Akaonyeshwa mtu mmoja wa bara, Ogutu, aliyekuwa akibeba vyuma Kilindini mpaka pumzi ilipomwishia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwa sababu akilala chali hawezi kupumua. Miguu yake ilikuwa imejaa hata ngozi inang'aa. Binamu yake, Oloo, ndiye aliyemlisha.

"Kuna daktari Ndia Kuu," alisema Abdulkadir.

"Ni daktari kweli?" aliuliza Ogutu.

"Ndiyo," alijibu Abdulkadir, akijua kuwa Tessmer si daktari wa kutibu, na hata ule udaktari wa majani alikuwa hajaupata.

Kesho yake Oloo aliomba troli ya jamaa mmoja, wakamsukuma mgonjwa mpaka Ndia Kuu. Ngazi zilimchukua muda mrefu. Alipanda moja akapumzika, akapanda nyingine akapumzika, Abdulkadir akimshika kwapa. Oloo alibaki chini kulinda troli. Juu, Tessmer alikuwa amevaa koti safi. Ubao ulikuwa umefunikwa shuka. Lakini nzi walikuwa wanalijua lile shuka, na Ogutu aliwatazama.

Tessmer alibonyeza mguu wa mgonjwa kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Alifurahi, na furaha yake haikuwa ya uovu. Ilikuwa furaha ile ile aliyokuwa nayo akipata ua asilolijua. Akamimina maji yenye rangi ya chai hafifu kwenye bilauri.

"Mwambie ni dawa ya moyo," alisema kwa Kiingereza.

Abdulkadir aliitazama bilauri. "Kiasi hiki chafaa kwa mtu?"

"Kiasi ndicho tunachokitafuta."

Alilisema hivyo hivyo, bila kuinua sauti, kama anayesema kesho kutakuwa na mvua. Abdulkadir alihisi ile ladha chungu imemrudia ulimini. Alimwona Tessmer amekwishasogeza saa mezani, na karibu na saa ile, ngoma ya shaba, tayari imevikwa karatasi nyeusi. Karatasi ile aliipaka yeye mwenyewe asubuhi.

Akamgeukia mgonjwa.

"Ndugu yangu, maji haya yametoka kwenye mti wa sumu ya mishale. Yeye adhani kidogo chake chaweza kuwa dawa. Lakini kidogo hicho ni kiasi gani, hajui. Kila mnyama aliyepewa humu ndani amekufa."

Ogutu alivuta pumzi zake fupi fupi. Hakuonekana kushtuka.

"Na wewe," aliuliza, "wewe ungekunywa?"

"La."

"Basi ulinipandisha ngazi zote hizi kwa nini?"

Abdulkadir, mtu wa nahau na fiqhi na Kilatini, alinyoosha mkono amshike kwapa tena. Ogutu alijiinua kwa kushika meza. Hakumpa Abdulkadir mkono wake. Alishuka akiegemea ukuta, na kila alipopumzika waliisikia pumzi yake kutoka juu. Chini sauti ya Oloo ikauliza, mgonjwa akajibu kwa lugha yao, kisha magurudumu ya troli yakalia kwenye reli, yakaenda.

Abdulkadir alingoja kufukuzwa. Alitamani kufukuzwa. Lakini Tessmer alikuwa amekwishayarudisha maji ya bilauri kwenye chupa, taratibu, asimwage tone.

"Umemtisha," alisema. "Si neno. Watu wa Bondeni ni wengi. Tafadhali osha bilauri, na usichelewe kesho. Meli yetu itaondoka baada ya wiki chache."

"Meli yetu?"

"Kwani umebadili nia? Wewe ni mwanafunzi mzuri. Kosa moja halimwondoi mwanafunzi mzuri."

Ndipo Abdulkadir alipojua kuwa mtu huyu hamchukii Ogutu, wala paka, wala yeyote. Kama angekuwa na chuki, pangekuwa na mahali pa kumshika. Alikuwa ametakata tu, kama meza iliyofutwa. Na mimi, alifikiri, anapendezwa nami kwa kuwa anaona natakata vivyo hivyo.

Hakuiosha ile bilauri. Aliiacha mezani, akashuka.

Wapo waliomwuliza baadaye kwa nini hakusimama barazani akasema yote. Alijua kitakachotokea: watu wangepaza neno la mumiani, wangevunja milango, na damu ingemwagika mtaani. Alikuwa ameshaona damu ya kutosha. Alikwenda Kilindini, kwa daktari wa Kihindi aliyewatibu wafanyakazi wa reli, akamweleza. Daktari yule alimsikiliza akiwa amekunja uso.

"Dawa za namna hiyo zipo," alisema. "Nami nazitumia. Lakini zimepimwa, na mgonjwa hulazwa mbele ya macho yangu. Huyo ana ruhusa ya nani?"

Hakuwa na ruhusa ya mtu. Siku chache baadaye bwana mmoja wa serikali alipanda ngazi za Ndia Kuu, akakaa huko kwa muda, akashuka ameziba pua kwa leso. Tessmer akafunga masanduku yake, safari hii yamejaa, akapanda meli iendayo kusini, kwa Wajerumani wenzake, kabla ya wakati. Hakuagana na mtu. Jaffar alipewa kazi ya kusafisha nyumba, akaifanya nusu akaiacha. Mwenye nyumba alilazimika kung'oa mbao za sakafu.

Abdulkadir alikuwa na safari moja zaidi, fupi kuliko zote. Alikwenda kibarazani kwa Bi Mwanaesha, asubuhi, mafuta yakiwa motoni. Akamwamkia, akamwuliza hali. Bi Mwanaesha alikuwa ameshamfungia mahamri yake ya kila siku katika jani la mgomba.

"Bi Mwanaesha, paka wako alifia katika nyumba ile. Mimi nilikuwepo, nilimtambua, nikanyamaza."

Mama yule akalifungua lile jani la mgomba, akayarudisha mahamri kwenye sinia, moja moja.

"Nenda salama, mwanangu," alisema. "Mkono wangu hauwezi kukupa chakula."

Aliishi miaka mingine mingi, akimjibu salamu, lakini hakumwuzia tena.

Hafswa alikuwa wa taratibu zaidi. Hakusema amemsamehe. Siku moja aliikunja ile kanzu nzito aliyoishona kwa ajili ya baridi, akampa maskini mlangoni, na usiku ule godoro halikuwepo ukumbini. Ilimchukua Nabiha muda mrefu kuliko mamake.

Miezi ya kiangazi Oloo alikuja Kibokoni, kofia mkononi, akasema Ogutu amefariki, kwenye kigoda chake, asubuhi, akiwa anaongea. Abdulkadir alikwenda maziko. Watu wa Bondeni walimtazama bila kumkaribisha, lakini kaburi lilikuwa halijamalizika na udongo wenyewe una mawe, naye akashika sururu. Walichimba bega kwa bega, yeye na Oloo. Oloo ndiye aliyesema kwanza.

"Ile dawa ya yule Mzungu. Ingemfaa?"

"Huenda. Huenda ingemwua siku ile ile. Yeye hakujua, na mimi sijui."

Oloo alitupa mawe kando. "Alikuchukia mpaka mwisho," alisema, si kwa ukali, bali kama mtu anayetoa amana. "Alisema: yule mwenye kanzu safi ndiye aliyenikera. Mzungu ni Mzungu, lakini yule alinishika kwapa."

Abdulkadir alirudi forodhani, wakamweka kwenye ghala la sandarusi na nta. Alifanya kazi vizuri. Hakula nyama tena, hata karamu za arusi alikula wali mtupu, na watu wakadhani ameshika njia ya uchaji Mungu. Hakuwasahihisha.

Miaka mitatu ikapita, akaja mgeni mwingine, mzee wa Kiingereza mwenye kofia pana, akimwulizia kwa jina. Alikuwa akikusanya mwani wa pwani, basi. Hakuwa na ubao wala misumari. Alisema jina la Abdulkadir amelipata kwa Daktari Tessmer.

"Daktari," alirudia Abdulkadir.

"Ndiyo, alipata udaktari wake, na sifa kubwa. Sasa anafundisha. Anasema wewe una mikono mizuri kuliko mtu yeyote wa pwani hii."

Hakuna tusi lililowahi kumfika Abdulkadir ndani kama sifa ile. Alikataa kwenda kumsaidia. Lakini jioni alimsimulia Hafswa, na Hafswa, aliyeikumbuka siku ya kitunguu, alifikiri sana kisha akasema, "Mwani hauna moyo, Baba Nabiha. Nenda ukaone."

Akaenda. Maji yalikuwa yamekupwa, mwamba umejaa mwani wa kijani na wa zambarau, na kwa saa moja alisahau kila kitu. Alichuma, akasuuza, akautandaza juu ya karatasi nyeupe, nyuzi zake zikajipanga zenyewe kama mwandiko. Mzee alimwuliza majina ya Kiswahili naye akamtajia yale aliyoyajua. Kisha mzee akafungua chupa ya spiriti ili atie mwani laini usioweza kukaushwa.

Harufu ilipomfikia, vidole vya Abdulkadir viliachia. Karatasi ikaanguka majini. Aliinama kuiokota, na alipoinama akatapika juu ya mwamba, akatapika mpaka hakuna kitu. Yule mzee alimletea maji, akamgonga mgongoni kwa upole.

"Tafadhali," alisema Abdulkadir. "Usinishike."

Alinawa kwa maji ya bahari, akaomba radhi kwa adabu, akarudi mjini kwa miguu. Hafswa alikuwa jikoni, anakata vitunguu.

"Umerudi mapema," alisema.

"Nimeshindwa."

Hafswa aliweka kisu chini. Aliitazama kanzu iliyolowa magotini, na midomo iliyokauka. Akasogeza kigoda karibu na dirisha, penye upepo, akamwambia akae.